Usiku wa Marion na Mchana wa Selma

Wengi wetu tuliopita shuleni tumewahi kusikia habari za daraja la Selma. Tunajua kwamba katika mwaka wa 1965, huko Alabama, kusini mwa Marekani, watu Weusi waliotembea kwa amani kudai haki ya kupiga kura walipigwa na polisi mchana kweupe, na kwamba nchi nzima iliona. Mimi mwenyewe nimeifundisha habari hiyo mara nyingi, na kila mara niliianzia darajani. Nilikosea. Habari hiyo ilianza siku 17 kabla, usiku, katika mji mdogo uitwao Marion, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Selma. Sababu ya mimi kuianzia darajani ni kwamba darajani kulikuwa na picha. Marion kamera zilivunjwa.

Tarehe 18 Februari 1965, kijana mmoja aliyeitwa James Orange, mhamasishaji wa harakati za haki ya kura, alikuwa amefungwa katika gereza la mji huo. Mamia ya watu Weusi walikusanyika jioni katika kanisa la Wamethodisti la Zion, wakakubaliana kutembea hadi gerezani, hatua chache tu kutoka pale, wakaimbe na kurudi makwao. Walipotoka kanisani, askari polisi wa jimbo (nasema jimbo la kiserikali, si la kanisa) walikuwa wamekwisha kuwazingira. Taa za barabarani zikazimika. Kisha virungu vikaanza kazi. Waandishi wa habari nao hawakupona: Richard Valeriani wa televisheni ya NBC alipigwa kichwani hata akalazwa hospitali, na wapiga picha wakapigwa na vyombo vyao kuharibiwa. Waliotenda hayo walijua vema wanachokifanya. Kwanza giza, pili kamera, tatu watu.

Katika giza hilo mzee wa miaka 82, Cager Lee, alipigwa akavuja damu. Mjukuu wake Jimmie Lee Jackson, mwenye umri wa miaka 26, alimwingiza katika mkahawa wa karibu pamoja na mama yake. Askari wakawafuata humo ndani. Mama alipopigwa, mwana alijaribu kumkinga, na askari mmoja akampiga risasi ya tumbo. Jimmie Lee alikuwa mkata miti, tena shemasi wa kanisa lake la Kibatisti (kwao shemasi ni mlei kama sisi makatekista), na mara kadhaa alikuwa amejaribu kuandikishwa katika daftari la wapiga kura akakataliwa. Hatimaye alifikishwa Selma, katika Hospitali ya Msamaria Mwema, iliyokuwa mali ya mapadre wa shirika la Mtakatifu Edmundi na kuhudumiwa na masista wa Mtakatifu Yosefu. Huko kitandani mkuu wa polisi wa jimbo alimletea hati ya mashtaka: eti yeye ndiye aliyetaka kuua. Alifariki tarehe 26 Februari.

Tusimame hapo kidogo. Mtu amepigwa risasi, na karatasi ya kwanza ya serikali juu yake inasema yeye ndiye mkosaji. Karatasi hiyo ndiyo inayosafiri kwenda magazetini. Mashahidi wapo, tena wengi, lakini wote ni Weusi, na wote walikuwa gizani. Nani atawaamini? Mwezi Septemba mwaka huohuo wazee wa baraza la mahakama walikataa kumshtaki askari aliyefyatua risasi, na kwa miaka mingi watu wa Marion waliishi wakijua jambo ambalo hakuna ofisi iliyotaka kulijua.

Wazo la kutembea kutoka Selma hadi Montgomery, makao makuu ya jimbo, kilometa 87 hivi, lilizaliwa kwenye msiba huo. James Bevel, mmoja wa wasaidizi wa Martin Luther King, alitaka hata jeneza lenyewe libebwe hadi mlangoni kwa gavana George Wallace. Jeneza halikubebwa, ila watu walikwenda. Jumapili tarehe 7 Machi watu wapatao 600 walivuka daraja la mto Alabama, daraja lenye jina la Edmund Pettus, jenerali wa jeshi lililopigania utumwa na kiongozi wa Ku Klux Klan. Mbele yao walisimama askari polisi wa jimbo, pamoja na wapanda farasi wa Jim Clark, mkuu wa polisi wa wilaya. Yaliyofuata yanajulikana: virungu, mijeledi, gesi ya kutoa machozi, wazee na wanawake wakikanyagwa. John Lewis, kijana wa miaka 25 aliyekuwa mstari wa mbele, alipasuliwa kichwa. Zaidi ya watu 50 walitibiwa, wengi wao katika hospitali ileile ya Msamaria Mwema.

Lakini safari hii ilikuwa mchana. Waandishi walisukumwa kando, wasikaribie, ila lenzi za kamera zao ziliweza kuona kutoka mbali. Filamu ikapelekwa New York kwa ndege, na usiku ule televisheni ya ABC ikakatiza sinema iliyokuwa ikitazamwa na watu karibu milioni 48, ili kuonyesha kwa dakika 15 hivi mambo ya Selma. Sinema iliyokatizwa ilihusu hukumu ya Nuremberg, ambako majaji wa Kinazi walisimama kujibu kwa uovu waliouhalalisha kwa sheria. Hakuna mhariri ambaye angeweza kupanga mkutano mkali zaidi wa mambo mawili, na sidhani kwamba kuna aliyeupanga.

Baada ya siku 8 Rais Lyndon Johnson alisimama mbele ya Bunge kudai sheria ya haki ya kupiga kura, akaitia saini tarehe 6 Agosti. Katika wilaya ya Dallas, ambamo Selma imo, Weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakaaji, lakini waliokuwa wameandikishwa kupiga kura walikuwa kama asilimia 2 tu ya waliostahili. Sheria hiyo iliyabadilisha hayo kweli, na picha zile zilikuwa na sehemu kubwa katika kuzaliwa kwake. Hilo nalikiri kwa moyo wote.

Ila nawaomba tuangalie upande wa pili wa jambo hilohilo. Jioni ya tarehe 9 Machi mchungaji mmoja Mzungu, James Reeb, aliyetoka Boston kuitikia mwito wa King, alipigwa na raia wabaguzi katika barabara ya Selma, akafariki tarehe 11. Rais alimpigia simu mjane wake. Magazeti ya nchi nzima yalimlilia, na ilikuwa haki alililiwe. Katika hotuba yake bungeni Rais alimtaja mtu mmoja mwema, mtu wa Mungu, aliyeuawa. Alikuwa mmoja tu katika hesabu hiyo. Shemasi wa Marion, aliyekufa wiki mbili kabla katika mji uleule, hakutajwa. Sisemi kwamba Rais alimdharau kwa makusudi. Nasema kwamba habari zilikuwa zimekwisha kumzoeza, yeye na taifa lake, kuhesabu hivyo.

Sisi Wakatoliki tunayo sehemu yetu katika kisa hiki, na haifai kuisimulia nusu. Padre Maurice Ouellet, paroko wa misheni ya Weusi huko Selma, alifungua milango ya ukumbi wake kwa wanaharakati wakati ambapo Mzungu mwingine mjini aliogopa hata kusalimiana nao. Tarehe 10 Machi masista 6 waliwasili kwa ndege kutoka Saint Louis wakiwa katika mavazi yao ya kitawa, miongoni mwao Sista Mary Antona Ebo, Mfransisko Mweusi. Waandishi walimzunguka kama nyuki. Naye aliwaambia kwa maneno machache kwamba amekuja kwa kuwa ni Mweusi, ni mtawa, ni Mkatoliki, na kwa kuwa anataka kutoa ushuhuda. Wakati huohuo Askofu Mkuu Thomas Toolen wa Mobile-Birmingham aliwalaumu hadharani mapadre na masista waliotoka nje kuja kuandamana, na kabla mwaka haujaisha Padre Ouellet aliamriwa kuondoka Selma. Watu wa misheni walimlilia. Hata ndani ya Kanisa, basi, kulikuwa na wenye kutaka jambo lionekane, na wenye kuona kwamba aibu iko katika kuonekana kwake.

Na magazeti ya huko kusini yenyewe? Miaka miwili kabla ya Selma, mwezi Mei 1963, polisi wa Birmingham chini ya Bull Connor waliwaachilia mbwa na mipira ya maji ya zimamoto juu ya watoto wa shule. Picha ya kijana akivamiwa na mbwa, iliyopigwa na Bill Hudson, ilitokea katika ukurasa wa kwanza wa New York Times. Gazeti kuu la Birmingham kwenyewe liliyaweka mambo hayo katika kurasa za ndani. Wapiga picha wake walikuwapo, tena walifanya kazi yao, lakini kazi hiyo iliwekwa katika sanduku kabatini. Sanduku hilo liligunduliwa baada ya miaka zaidi ya 40, na mwaka 2006 gazeti lilichapisha picha hizo, likikiri kwa kuchelewa. Huko Jackson, Mississippi, kituo cha televisheni cha WLBT kiliwahi kukata matangazo Weusi walipojitokeza kusema, kikiwaambia watazamaji kwamba mitambo ina hitilafu. Waumini wa kanisa moja la Kiprotestanti walishirikiana na Weusi wa mji kukipeleka mahakamani, na mwaka 1969 mahakama ikafuta leseni yake. Wanaodhani kwamba upotoshaji maana yake ni kusema uongo tu wamesahau sanduku na hitilafu ya mitambo.

Kuna tukio jingine linalotugusa sisi Wakongo moja kwa moja, nami nalitaja kwa kupita. Tarehe 15 Februari 1961, siku mbili baada ya kifo cha Patrice Lumumba kutangazwa, Waamerika Weusi wapatao 60 walisimama katika ukumbi wa Baraza la Usalama huko New York, balozi wa Marekani akiwa anahutubia, wakapaza sauti kumlilia. Walinzi waliwatoa kwa nguvu. Kesho yake magazeti yaliita jambo hilo ghasia, na wakubwa wakasema ni kazi ya Wakomunisti. Kwamba watu walikuwa wakimlilia ndugu aliyeuawa, hilo halikutosha kuwa maelezo.

Ghasia: neno hilo lina historia yake. Katika kiangazi cha mwaka 1967 miji mingi ya Marekani iliwaka moto. Newark ilianza baada ya polisi kumkamata na kumpiga dereva wa teksi Mweusi. Detroit ilianza polisi walipovamia baa isiyokuwa na ruhusa na kuwakamata wote waliokuwamo. Detroit peke yake walikufa watu 43, na 33 kati yao walikuwa Weusi. Rais Johnson aliunda tume chini ya Otto Kerner, gavana wa Illinois, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1968. Sura moja nzima ilihusu vyombo vya habari, na inasomeka hadi leo kama uchunguzi wa dhamiri. Tume ilionyesha kwamba hasara ya Detroit, iliyotangazwa kuwa huenda ikafikia dola milioni 500, ilikuwa kati ya milioni 40 na 45. Ilionyesha kwamba risasi nyingi zilizodaiwa kutoka kwa Weusi waliojificha madirishani zilikuwa za polisi na askari wenyewe, wakipigiana gizani bila kujua. Na ilieleza chanzo: wale walioandika habari waliitazama nchi kwa macho ya Wazungu. Katika kazi za uandishi na uhariri Weusi hawakufika asilimia 5, na katika vyeo vya wahariri hawakufika asilimia 1. Mwandishi aliingia katika mtaa wa Weusi pamoja na polisi, akasimama nyuma ya polisi, akamwuliza polisi kilichotokea. Moto ulipozimika, aliondoka pamoja na polisi. Siku za kawaida, siku za dharau na kupekuliwa njiani, hazikuwa habari.

Watu wa umri wangu walikutana na jambo hili kupitia jina la Rodney King. Tarehe 3 Machi 1991, huko Los Angeles, raia mmoja aliyeamshwa na kelele alinasa kwa kamera yake ndogo polisi wakimpiga mtu aliyelala chini. Kabla ya kwenda kwenye televisheni alipiga simu kituo cha polisi, hawakujali. Weusi wengi waliamini kwamba sasa ushahidi umepatikana, usiku wa Marion umekwisha. Kumbe sivyo. Mahakamani mawakili wa polisi waliichukua filamu ileile, wakaionyesha polepole, kipande kwa kipande, wakifafanua kila pigo kama hatua ya kazi, mpaka mtu aliyelala chini akaonekana kuwa ndiye tishio. Tarehe 29 Aprili 1992 wazee wa baraza, ambao hapakuwa na Mweusi hata mmoja kati yao, waliwaachilia polisi. Mji ukawaka, watu zaidi ya 50 wakafa, na televisheni sasa zikawa na picha nyingine za kurudia usiku na mchana: maduka yakiporwa. Mwaka uliofuata mahakama ya serikali kuu iliwatia hatiani wawili kati ya wale wanne, lakini habari hiyo haikuwa na moto wa kuonyesha.

Na baada ya miaka 28, Minneapolis. Usiku wa tarehe 25 Mei 2020 polisi walitoa tangazo kwamba mtu mmoja amefariki kutokana na tatizo la kiafya wakati polisi walipokuwa wakimshughulikia. Neno goti halikuwamo. Lingalisomwa redioni mara moja na kusahauliwa, kama msichana wa miaka 17 aliyekuwa akienda dukani na binamu yake mdogo asingalisimama na simu mkononi mpaka mwisho. Goti la askari lilikaa juu ya George Floyd kwa dakika 9 na sekunde 29. Mwaka uliofuata askari huyo alitiwa hatiani kwa kuua, na waliosimamia tuzo za Pulitzer wakamtambua msichana yule kwa namna ya pekee. Tusiuone ushindi tu hapo. Hesabu ile ya Marion ilikuwa bado inaendelea: neno la kwanza ni la polisi, nalo huaminiwa mpaka mtoto aweze kuthibitisha vingine.

Je, inamgharimu nini anayetazama? Mwaka 2018 jarida la tiba The Lancet lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba, polisi wanapomwua Mweusi asiye na silaha, afya ya akili ya watu Weusi wanaoishi katika jimbo hilohilo hudhoofika kwa miezi kadhaa, wakiwamo wale ambao hawakumjua marehemu. Kwa Wazungu wa jimbo hilo dalili hiyo haikuonekana. Maana yake ni kwamba habari ileile, katika saa ileile, kwa mmoja ni habari na kwa mwingine ni msiba wa nyumbani. Televisheni inayorudia dakika za mwisho za mtu mara 30 kwa siku hailipi gharama hiyo.

Hapa huwa nakumbuka Mamie Till. Mwaka 1955 mwanawe Emmett, wa miaka 14, aliuawa na wabaguzi huko Mississippi. Hawakuwa polisi, ingawa wakuu wa sheria wa huko walitaka azikwe harakaharaka. Mama alidai mwili urudishwe Chicago, akaamuru jeneza liachwe wazi, na jarida la Jet, jarida la Weusi wenyewe, likachapisha picha ya uso wake. Ile ilikuwa picha ya kutisha kuliko nyingi, lakini mwenye msiba ndiye aliyeamua, na waliochapa walikuwa ndugu wa msiba. Katika vikundi vyetu tunapotumiana kwa simu video za watu wanaokufa, wawe wa Minneapolis au wa mtaa wa jirani, sijawahi kusikia mtu akiuliza kwanza kama mama wa marehemu amekubali.

Turudi Marion. Baada ya miaka 40, katika mwaka wa 2005, mwandishi wa gazeti dogo la Alabama alimtafuta askari aliyempiga risasi Jimmie Lee Jackson, James Bonard Fowler, akamkuta mzee shambani kwake. Akamwuliza. Naye akakubali kwamba ndiye aliyefyatua, akishikilia kwamba alikuwa akijitetea. Hakuna kamera mpya iliyogunduliwa. Mwendesha mashtaka Mweusi, aliyekuwa amechaguliwa kwa kura katika eneo hilohilo, aliifungua kesi mwaka 2007. Mwezi Novemba 2010 Fowler, akiwa na miaka 77, alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia na kuwaomba radhi ndugu wa marehemu. Alihukumiwa kifungo cha miezi 6, akatoka baada ya miezi 5. Mama aliyekingwa usiku ule hakuwapo tena kusikia, wala mzee Cager Lee, ambaye angalau alikwisha kupiga kura.